Mzazi wa Kizimbani

Mwaka 1996 nilinunua sungura wawili, jike na dume, kwa sababu mwanangu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka 9, alinisumbua tangu Pasaka mpaka nikachoka. Tulikuwa tukiishi Kibosho, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, nyumba yetu ikizungukwa na migomba. Niligonga kizimba cha mbao na wavu wa kuku, nikakiinua juu ya miguu minne ili mbwa wasikifikie, nikajiona fundi.

Kuhusu sungura sikujua lolote ila hadithi, ambamo Sungura humshinda kila mtu kwa akili. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba huyo wa hadithi si huyu wa kizimbani. Sungura wa porini kwetu huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, ambao baada ya muda mfupi huweza kukimbia. Huyu wa kufugwa asili yake ni huko Hispania na Ureno, mnyama wa kuchimba mashimo, naye huzaa watoto walio uchi, wasioona wala kusikia, wasioweza hata kujipa joto.

Jike alizaa mwezi wa Julai, wakati wa baridi. Sungura hubeba mimba kwa siku 31 hivi, lakini mimi sikuhesabu. Siku moja kabla nilimwona akijinyofoa manyoya ya kifuani na tumboni, nikafikiri ana upele. Asubuhi yake nikakuta pembeni mwa kizimba rundo la manyoya linalotikisika lenyewe. Nikaingiza mkono, nikahesabu vitoto 6, vyekundu, vyenye ngozi laini kama ya kope.

Siku zile nilifunua kiota mara ngapi, sijui. Watoto wa majirani walikuja, nikafunua. Fundi baiskeli alipita, nikafunua. Jike alikuwa akipiga mguu wa nyuma kwenye mbao, pu, pu, nami nikawaambia watu kwa kicheko kwamba anawasalimu. Kumbe ndivyo sungura anavyotoa sauti ya hatari.

Jumamosi tulikwenda msibani Rombo, tukalala huko. Tuliporudi Jumapili usiku kopo la maji lilikuwa limepinduka, limekauka kabisa. Jike anayenyonyesha hunywa maji mengi mno. Akiyakosa, tena akiwa na hofu, huweza kuwala watoto wake mwenyewe. Haya nilielezwa na bwana mifugo wakati maelezo hayafai kitu tena. Nilichokiona kwa mwanga wa kurunzi sitakisimulia. Jike alikuwa amejikunja pembe ya pili, akinitazama.

Asubuhi mtoto aliniuliza vitoto vimekwenda wapi. Nikamwambia paka amevichukua.

"Paka gani, baba?"

"Labda yule wa bibi."

Bibi huyo alikuwa jirani yetu, mjane, anaishi peke yake na paka wake wa kijivu. Nilisema "labda" nikadhani neno hilo litanikinga.

Mama watoto alinisikia, asiseme kitu mbele ya mtoto. Usiku ndipo aliponiuliza kama nakumbuka siku ya tatu baada ya yeye kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Nilikumbuka. Kwetu mzazi hutunzwa ndani, hupikiwa mtori, hupewa maziwa, na wanaoingia kumwona ni wanawake wachache wa nyumbani. Mimi, kwa furaha ya kupata mtoto wa kiume, niliwaleta wenzangu watano wa kazini mpaka chumbani.

"Niligeukia ukutani," alisema. "Nilikuwa na kiu. Mlikaa saa nzima, mkinywa, na hakuna aliyeniuliza kama nataka maji."

Tulikuwa tumeishi pamoja miaka 13 bila yeye kunitajia jambo hilo.

Wiki mbili baadaye bibi alikuja uani amembeba paka ndani ya khanga. Mguu wa nyuma ulikuwa unaning'inia. "Mwanangu," akaniambia, "huyu ndiye anayenilindia mahindi yangu na panya. Kijana wako amempiga jiwe mbele ya macho yangu. Tumewakosea nini?"

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, hakukimbia. Alikuwa na uso wa mtu aliyetenda haki. Nilitamani kumkaripia na mambo yaishie hapo. Baba anaweza kufanya hivyo na hakuna wa kumhoji. Nikamwangalia yule paka. Nikasema, wote wakisikia, kwamba paka hakula kitu, kwamba jike aliwala watoto wake kwa sababu mimi nilimnyima raha na maji, na kwamba nilisema uongo.

Bibi alinyamaza. Mtoto akasema, "Wewe ndiye uliyesema, baba," akaingia ndani. Mguu wa paka uliunga, lakini alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake.

Sikutaka tena habari ya sungura. Mtoto ndiye aliyenijia mwezi wa Septemba akisema jike apandishwe. Tukatengeneza sanduku la kuzalia, lenye mlango mdogo na mfuniko, tukajaza nyasi kavu. Maji aliyaweka yeye, kwenye chungu kizito kisichopinduka, asubuhi na jioni.

Walizaliwa 7. Mmoja alikuwa amekufa, tukamtoa. Kisha nikaingiwa na wasiwasi mpya, maana jike hakuonekana kabisa kuwanyonyesha. Alikaa mbali nao kutwa nzima kama si wake. Nilikuwa tayari kumkamata na kumlaza juu yao kwa nguvu. Bwana mifugo akanizuia. Sungura, alisema, hunyonyesha mara moja tu kwa siku, au mbili, kwa dakika chache, mara nyingi gizani, kisha huondoka asije akawaonyesha maadui mahali watoto walipo. Nisimtazame mama, nitazame matumbo ya watoto: likiwa la mviringo na limejaa, ameshiba, likiwa na makunyanzi, ana njaa. Na kabla ya kugusa nisugue mikono kwa nyasi za kizimbani. Tuliangalia mara moja kwa siku. Matumbo yalikuwa kama vigoma.

Alfajiri ya siku ya nne tulikuta kimoja nje ya sanduku, kimeburutwa kikiwa bado kwenye chuchu, baridi kama jiwe la mtoni. Nilisema kimekufa. Mama watoto alikichukua, akakitia kifuani ndani ya khanga, akaendelea kuchochea moto na kupika uji. Uji ulipoiva akasema, "Kinanikwaruza."

Macho yalifunguka siku ya 11. Kila asubuhi nilikwenda na majani ya viazi, na kila asubuhi nilimkuta mtoto ameshafika. "Nimeshahesabu, baba," alikuwa akisema, mkono wake ukiwa juu ya mfuniko. Nilimpa majani, nikarudi.

Walipotimiza miezi miwili alichagua jike mmoja, akampeleka kwa bibi. Hakuniomba ruhusa.