Mwanasheria wa Ziwa Mweru na Karatasi ya Babu

Kwetu Nchelenge, mkubwa huitwa kwa wingi ili kumheshimu. Ndiyo maana babu yangu tunamwita bashikulu, ingawa yuko mmoja tu. Nilipokuwa darasa la 12, bashikulu alinipa karatasi ya kurasa tatu iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaniambia, "Wewe ndiwe uliyesoma. Tuambie inasema nini."

Ulikuwa mwezi wa Januari. Ziwani uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na katika miezi hiyo fedha huwa adimu nyumbani kwa mvuvi. Mgeni mmoja alikuwa akiitaka sehemu yetu ya ufukweni, pale tulipokuwa tukiegesha mitumbwi na kuanika chisense, dagaa wetu wa Mweru. Alikuwa ameketi nasi chini ya mwembe, na fedha alikuwa nazo.

Nilisoma kwa sauti, kisha nikatafsiri kwa Kibemba. Nilifika kwenye neno moja nisilolijua. Niliona haya kusema sijui mbele ya wazee, nikasema maana yake ni kuazima. Bashikulu aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mahali petu tutarudishiwa?" Nikajibu, "Eeh, bashikulu." Akatia dole gumba.

Maana halisi ya neno lile niliijua nilipokuja kusoma Dar es Salaam: ni kuiachia haki yako moja kwa moja. Nililikuta katika kazi ya somo la tafsiri, nilipokuwa nikisoma habari za mikataba iliyotiwa saini huko kwetu mwishoni mwa karne ya 19. Ndipo nilipokutana na Alfred Sharpe.

Sharpe alizaliwa Lancaster, Uingereza, mwaka 1853, akasomea uanasheria. Baadaye alikwenda Fiji, akalima miwa na kufanya kazi ya uhakimu. Mwaka 1887 alifika upande wa Ziwa Nyasa kuwinda tembo na kuuza pembe. Mtu anayejua sheria, biashara na njia za porini alikuwa na thamani kubwa kwa Waingereza wakati ule. Mwaka 1890 Harry Johnston alimtuma akusanye saini za watawala kabla mawakala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hawajafika. Sharpe alipita Ziwa Mweru, akaenda kwa Mwata Kazembe wa Walunda, akapata mkataba. Kisha akavuka Luapula kwenda Bunkeya, kwa Msiri.

Msiri hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi. Asili yake ni Unyamwezi, huku Tanzania, katika jamii ya wafanyabiashara wa misafara, naye alikuwa amejijengea dola kwa shaba, pembe na watumwa. Wamisionari waliokuwa wakiishi kwake walimweleza sawasawa maneno ya karatasi ile. Alipoelewa anachoombwa, alikasirika, akakataa. Sharpe akaondoka mikono mitupu. Kukataa hakukumwokoa Msiri, maana tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na msafara wa Leopold ulioongozwa na Stairs. Lakini alikufa akijua alichokikataa.

Mwata Kazembe alikuwa amepewa mkataba, na mwaka 1899 askari wa Waingereza waliuteketeza mji wake kwa sababu hakukubali utawala na kodi ya watu aliowekeana nao saini. Kama alielezwa kwamba karatasi ile ni ya urafiki, basi kukataa kwake kulikuwa na haki kabisa.

Mikataba ya Sharpe ilikuwa miongoni mwa karatasi ambazo kampuni ya Cecil Rhodes ilizitumia kudai madini ya Rhodesia ya Kaskazini. Kampuni ilipokea mrabaha wa shaba kwa miongo mingi, na katika mkesha wa uhuru wa Zambia, Oktoba 1964, iliachia madai yake kwa kulipwa pauni milioni 4, nusu kutoka Uingereza na nusu kutoka kwetu. Tulilipa ili turudishiwe kilichokuwa chetu.

Hata mpaka ninaouona kila ninapokuwa ufukweni ulichorwa kwa maneno. Mapatano ya Waingereza na Leopold ya mwaka 1894 yaliupindisha mstari ndani ya ziwa ili kisiwa cha Kilwa kiwe upande wa Waingereza. Kwa sentensi moja tu, wavuvi wa Kilwa leo ni Wazambia, na wale wa mji wa Kilwa ng'ambo ni Wakongo. Sharpe mwenyewe alipanda cheo. Mwaka 1907 Nyasaland ilipoanzishiwa Baraza la Kutunga Sheria, yeye ndiye aliyekuwa gavana. Waafrika wa kwanza waliingia katika baraza hilo mwaka 1949.

Nilianza kusoma maisha yake nikiwa na hasira naye. Lakini kila nilipofika pale kwa Mwata Kazembe, macho yangu yalimwacha Sharpe, yakamtafuta mtu mwingine: yule aliyesimama kati ya Kiingereza na wazee, akageuza maneno. Huenda alilipwa ili apunguze makali. Huenda pia kulikuwa na neno asilolijua, akaona haya kuuliza. Mtu huyo nilimfahamu vizuri. Alikuwa mimi.

Likizo iliyopita nilirudi Nchelenge. Ufukwe wetu umezungushiwa uzio, na mama zangu wanazunguka mbali kufuata maji. Nilipiga magoti mbele ya bashikulu nikamweleza neno lile na maana yake. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Siku ile ulijua?" Nikasema, "Sikujua, bashikulu, na sikusema kwamba sijui."

Hakunifokea. Aliniagiza niilete karatasi, niiandike yote kwa Kibemba, na mahali popote nisipokuwa na hakika nichore mstari. Nilifanya hivyo kwa siku mbili. Ilikuwa na mistari saba. Tumeipeleka kwa wazee wa chifu, kwa kuwa ardhi ya kimila haigeuzwi hati bila idhini ya chifu, na sisi hatujui kama idhini hiyo iliombwa. Bado hatujapata jibu.

Nakala yenye mistari saba ninayo hapa chuoni. Katika somo letu tunapimwa kwa jinsi tafsiri inavyotiririka, nami napenda tafsiri inayotiririka. Ile ya chini ya mwembe ilitiririka vizuri sana.