Tulivyomzika Mama Wakati wa Marburg

Mimi ni mkazi wa Kaniha, wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya familia itakayofiwa wakati ugonjwa wa mlipuko umebisha hodi, kwa kuwa sisi tulipita humo na Mungu akatuvusha.

Mama alifariki mwishoni mwa Januari 2025. Alikuwa amelala kwa kiharusi muda mrefu, na siku za mwisho homa ikampanda. Wakati mwingine wowote tungejua la kufanya: mama wakubwa na mashangazi wangemwosha, vijana wangetafuta turubai na kuni, jioni uwanja ungejaa watu. Lakini tarehe 20 ya mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ametangaza, akiwa Dodoma na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa katika wilaya yetu. Sisi watu wa Kagera hatukuwa tukilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2023 ugonjwa huohuo ulizuka Bukoba Vijijini, wakaugua watu 9 na 6 wakafa.

Ubaya wa Marburg ni kwamba inaanza kama malaria. Homa, kichwa, mwili kukosa nguvu, kisha kutapika na kuharisha, na wengine hutokwa na damu. Kwa hiyo mama yetu mwenye homa, aliyefia nyumbani, hakuna aliyeweza kuapa kwamba hakuwa nayo. Sisi watoto tuliamini ni kiharusi, lakini imani ya watoto haipimi damu. Tukatoa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya mtu yeyote kuugusa mwili.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mjomba, mkubwa wa ukoo upande wa mama, alifika akakuta mlango umefungwa na dada zake wamesimama nje wanalia.

"Dada yangu hajaoshwa?" akauliza. "Mnataka azikwe kama mtu asiye na ndugu?"

Aliyemjibu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, binti wa kitongoji chetu. Alipiga goti, akamwamkia, akangoja aitikiwe. "Mjomba, wenye ndugu ndio tunaowahofia," akasema. "Wasio na ndugu hawana wa kuwaosha." Akaeleza taratibu kwamba Marburg haipeperuki hewani. Inapita kwenye damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, na mwili wa aliyekufa nayo bado ni hatari. Mtu ambaye dalili hazijaanza haambukizi wengine. Kumbe basi kuja msibani kunawezekana, mradi tusiguse mwili, tusishikane, na mwenye homa abaki kwake.

Nataka nisisitize hili. Gari la matangazo lilikuwa limepita mara nyingi likitukataza: msisalimiane kwa mikono, msikumbatiane, msikusanyike. Yote yalikuwa na sababu, ila hatukuambiwa tukifiwa tufanyeje. Watu wa kwetu hawawezi kuambiwa wasizike. Ukiwaambia hivyo tu, watazika usiku kwa kujificha, na ugonjwa utapata njia. Binti yule alikaa nasi kwenye mkeka, kila mmoja na nafasi yake, akatuonyesha njia ya kuzika mchana mbele ya watu.

Timu ya afya ilikuja na mavazi ya kujikinga, ikachukua sampuli, ikanyunyiza klorini. Kabla hawajaingia, dada yangu mkubwa aliwakabidhi kitenge alichokipenda mama, na wao wakamfunika nacho ndani ya jeneza. Mjomba alisimama mbali kidogo na mlango akimtaja mama kwa majina yote ya nyumbani. Katekista akasali. Hakuna aliyemgusa, lakini hakuna aliyeweza kusema hakuagwa.

Matanga tuliyapanga upya. Ndani ya nyumba hakulala mgeni, na viti viliwekwa mbalimbali chini ya migomba. Penye njia ya kuingilia vijana walisimika vibuyu chirizi viwili na sabuni, na kila aliyefika alinawa kisha akaweka mkono kifuani badala ya kutoa mkono. Watu walikuja kwa zamu, kitongoji baada ya kitongoji. Rubisi haikupokezanwa kibuyu kimoja, aliyetaka alikuja na kikombe chake. Rambirambi nyingi zilitumwa kwa simu. Katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana aliandika jina na namba ya simu ya kila aliyehudhuria kwenye daftari lilelile la michango, maana dalili huweza kuchelewa hadi siku 21 na wahudumu wangehitaji kujua wa kumfuata. Kwangu mimi, daftari lile lilikuwa kinga kubwa kuliko hofu yote iliyokuwa mtaani.

Majibu yalikuja: mama hakuwa na Marburg. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa wapo waliotukwepa. Mimi nauza maandazi. Sokoni mteja wangu wa miaka mingi aliniomba niweke chenji chini ili asiipokee mkononi mwangu, na siku nyingine nilirudi na beseni limejaa. Iliniuma kuliko nilivyoweza kusema. Waliotutia nguvu ni walewale waliokuja matangani wakanawa na kukaa nasi, kwa sababu walikuwa wamesikia maelezo, nao ndio walioanza kununua tena.

Tarehe 13 Machi 2025 Waziri wa Afya, Jenista Mhagama, alitangaza kwamba mlipuko umekwisha, baada ya kutimia siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 2, na wengine 8 walihesabiwa kuwa waliugua kabla ya vipimo kuwafikia. Wote 10 walikufa. Jirani zetu hao nao walikuwa na mama, watoto na wajomba, na huenda wengi wa kwao hawakupata nafasi tuliyoipata sisi ya kuaga kwa utulivu.

Ndugu msomaji, ukifiwa wakati wa mlipuko, toa taarifa kabla mwili haujaguswa: kwa mwenyekiti, kwa zahanati, au kwa namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo ni bure. Omba familia ishirikishwe katika maziko, mna haki hiyo. Na jirani yako akifiwa, usimkimbie. Nawa mikono, kaa kwenye nafasi yako, andikisha jina, umpe pole.