Ukungu Tulioupanda Nao Uporoto

Ukitoka Uyole, mjini Mbeya, ukaishika barabara iendayo Tukuyu na Kyela, huchukui muda kabla ya kuanza kuipanda safu ya milima ya Uporoto. Hewa hubadilika, mashamba ya viazi hujitokeza kila upande, na wakati wa mvua wingu huweza kushuka hadi juu ya lami.

Nilipita huko mwezi wa Aprili, usukani ukiwa mikononi mwangu. Tulikuwa watu watano, wawili kati yetu watoto. Nguo zilikuwa zimelowa manyunyu, na kwa kuogopa baridi tulivifunga vioo vyote. Mara kioo cha mbele kikawa cheupe. Niliwasha waipa, lakini weupe haukuondoka. Nikapangusa kwa kiganja, nikapata kitundu mfano wa kisahani, nikaendelea na safari huku nikichungulia humo.

Ghafla ikatokea ndoo ya viazi, na chini yake mama aliyeibeba, hatua chache mbele yetu. Alijitupa mtaroni, akasalimika. Viazi vilitapakaa barabarani. Tulishuka sote tukamwokotea, nami sikuthubutu kumtazama usoni.

Lawama haikuwa ya mlima. Ukungu ule wa kiooni tuliutengeneza wenyewe. Pumzi na nguo mbichi hujaza gari unyevu, nao ukigusa kioo cha baridi hugeuka matone madogo madogo. Waipa hufuta nje. Adui yumo ndani. Kiganja nacho huacha mafuta yanayozidi kuufifisha mwanga.

Basi, msomaji, kabla ya kupanda mlima, safisha vioo ndani na nje, uweke na kitambaa kikavu karibu. Ukungu ukianza, elekeza hewa ya feni kwenye kioo cha mbele, ikiwezekana ya moto, na uiache hewa ya nje iingie. Gari likiwa na kiyoyozi, kiwashe, kwani hukausha hewa. La sivyo, teremsha vioo vya milango kidogo na kuvumilia baridi. Penye wingu tumia taa za chini. Zile kubwa hukurudishia mwanga machoni. Usipoona, tafuta mahali salama nje ya barabara usimame. Kumbuka kwamba kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, gari hukata zaidi ya meta 16 kila sekunde.

Na ukichepuka Isyonje kuelekea uwanda wa Kitulo, ukalaza gari nje usiku wa Juni au Julai, huenda asubuhi ukakuta sakitu imeganda kiooni. Usiimwagie maji ya moto, kioo kinaweza kupasuka. Washa injini na feni, uikwangue taratibu, wala usiondoke mpaka kioo chote kiwe wazi.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Lakini ile iliyotaka kutokea Uporoto ilikuwa na kinga: dakika tano za kusimama, na kitambaa kikavu.