Kipeuo Kilichonizindua

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nikiwa mwaka wa pili, nikisomea ualimu wa Hisabati na Kiswahili, tulitakiwa mtihanini kutafuta integrali ya √(1 + kosaini 2x), yaani eneo lililo chini ya mchoro wake, kuanzia 0 hadi π. Nilijua kuwa 1 + kosaini 2x ni sawa na 2 kosaini² x. Nikaondoa kipeuo upesi, nikabaki na √2 kosaini x, nikapata jibu 0. Swali likanipita.

Likizoni nilimchorea mdogo wangu wa kidato cha nne mchoro huo, nikimweleza kwa Kiswahili. Akauliza, "Kaka, mchoro wote uko juu ya mstari, eneo limeenda wapi?"

Nikaduwaa. Kipeuo hakizai hasi, ilhali kosaini huwa hasi ikishavuka π/2. Sharti tukate hapo, tugeuze alama ya kipande cha pili, kisha tujumlishe: √2 na √2, jumla 2√2.

Kanuni nilikuwa nimeikariri kwa Kiingereza. Anayedai kuwa Kiswahili hakimudu hisabati, namkumbusha swali la mdogo wangu.