Nilimpiga Mara Mbili Tu

Mimi ni mkulima wa pamba. Nilimpiga mke wangu. Mara ya pili alichukua watoto akarudi kwao. Nilipomfuata, wazee wa kwao walisema, "Hatutaki faini. Kwanza ukakae na kikundi cha Bibi Maendeleo." Nilikasirika. Faini ningeilipa siku ile ile.

Tulikuwa wanaume 9. Tulikutana shuleni kila Jumamosi kwa wiki 16. Siku ya kwanza kila mtu alijitetea. Mmoja alisema ni pombe. Mwingine alisema mkewe ana mdomo. Mimi nilisema, "Nilimpiga mara mbili tu." Bibi Maendeleo akamwuliza yule wa pombe, "Ukilewa, mbona humpigi mwenyekiti wa kijiji?" Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Alitueleza Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mume au mke wake, hata kama mila inaruhusu. Kumbe sheria hiyo ilikuwapo kabla sijazaliwa!

Jumamosi nyingine alichora gurudumu ubaoni. Gurudumu hilo lilitoka mji wa Duluth, Marekani, mwaka 1984. Lilitokana na maneno ya wanawake waliopigwa. Huko mahakama huwapeleka wanaume katika vikundi kama chetu. Katikati ya gurudumu ni kutaka kutawala. Tairi ni kipigo. Spoki ndizo zinazoshika tairi: kutisha, kutukana, kumzuia mke asiende kwa watu, kumnyima pesa, kuwatumia watoto.

Nikaiona spoki yangu. Mke wangu alipalilia pamba, akaichuma. Pesa nilishika mimi. Hata ya chumvi aliomba, nami nilimhoji kama karani. Siku niliyompiga aliuliza tu pamba imeleta shilingi ngapi.

Niliyasema hayo mbele ya wenzangu. Jasho lilinitoka kuliko shambani. Wawili waliacha kuja, na mmoja wao angali anampiga mkewe.

Mke wangu alirudi baada ya mavuno. Msimu huu tulihesabu pesa pamoja mkekani. Alisoma risiti mwenyewe, akahesabu mara ya pili. Sikusema kitu. Mpaka leo, jioni nikiegemeza baiskeli ukutani, yeye hunyamaza kwanza, akasikiliza ninavyotembea.