Kabla ya kununua spika kubwa, tizama chumba chako



Wengi wenu mkija kuchukua nguo zenu mnaniuliza natumia spika gani ukumbini, maana Qur'ani mnaisikia herufi kwa herufi. Jibu langu huwashangaza. Spika ni ndogo, ya kawaida tu. Kilichobadilika ni chumba.

Nyumba zetu za siku hizi ni nzuri kwa macho: plasta laini, taili chini, jipsam juu, madirisha ya vioo. Lakini vyote hivyo vinarudisha sauti kama ukuta unavyorudisha mpira. Neno likitoka kwenye spika linakufikia moja kwa moja, kisha linakuja tena kutoka ukutani, darini na sakafuni. La pili linatoka na la kwanza bado linazunguka. Ndiyo maana ukiongeza sauti unapata kelele zaidi, si maneno zaidi.

Nyumbani kwangu jambo hili lilimuumiza mama. Alipokuwa kwake Ng'ambo alizoea kumsikiliza Sheikh Mahmoud Khalil Al-Husary baada ya Alfajiri, na taarab baada ya Alasiri. Alipohamia kwangu akaacha vyote viwili, akawa hatoki chumbani mwake. "Redio yenu hii inanguruma tu, haisemi," akaniambia. Watoto wakaanza kumfanyia mzaha kuwa bibi hasikii. Nikampeleka kwa daktari wa mashikio. Akasema usikivu umepungua kwa umri, lakini akiwa pahala patulivu maneno anayapata vizuri. Hapo nikaona si mama peke yake wa kutizamwa. Ukumbi nao unahitaji matibabu.

Anza na kipimo kisichokuwa na gharama. Simama katikati ya chumba, piga kofi moja kubwa. Ukisikia mlio mwembamba unaotetemeka nyuma ya kofi lako, ujue kuta mbili zinarushiana sauti. Kwangu ulikuwa unatetemeka kama cherehani.

Kwanza nilitandika zulia nene baina ya spika na kiti cha mama. Pili, mapazia. Chagua kitambaa kizito, na upana wake uwe mara mbili ya pahala unapofunika: mita mbili za ukuta, mita nne za kitambaa, ili mikunjo iwe mingi. Fimbo ya pazia iache nafasi kama ya kiganja kutoka ukutani. Pazia lililoachana na ukuta linameza sauti vizuri kuliko lililogandana nao.

Tatu, seremala alinitengenezea fremu nne za mbao, sentimita 120 kwa 60, kina sentimita 10. Nikazijaza vipande vya nguo vinavyobaki kwenye ushonaji, bila ya kushindilia sana, nikazifunika kwa kanga. Kitambaa cha juu lazima kipitishe hewa. Ukikipuliza, pumzi itokee upande wa pili. Ngozi ya plastiki haifai. Kujua wapi pa kutundika, mama alikaa kitini, binti yangu akawa anasogeza kioo ukutani. Pale mama alipoiona spika ndani ya kioo, ndipo sauti inapogonga kabla ya kumrudia. Hapo fremu moja.

Trei za mayai wachieni wauza mayai; ni nyembamba, hazisaidii sana. Na besi inayovuma haimezwi na pazia. Iondoe spika kwenye pembe ya chumba, iweke usawa wa mashikio ya aliyekaa.

Kwa upande wa mtambo, nilichukua simu ya zamani, nikaiunga na spika kwa waya, ikakaa ukumbini kwa kazi hiyo tu. Kusikiliza kupitia intaneti kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde kunakula karibu MB 58 kwa saa, hivyo anazozipenda mama nimezipakua mara moja. Kuna faida nyengine: tangazo la biashara halikati aya katikati, na hiyo ni adabu pia.

Mtihani wetu wa mwisho ulikuwa Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Rikodi za zama zile zina mikwaruzo na sauti yake ni nyembamba. Chumba kikivuma huambulii kitu. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kutufasiria mafumbo.

Siku hizi baada ya Alfajiri yuko ukumbini. Juzi mjukuu wake alikuwa akisoma pamoja na sheikh, akairuka madda. Mama akamsimamisha: "Rejea mwanangu, hapo pana madda." Hakuna aliyecheka. Mtoto akarejea.

Na tusisahau haki ya jirani. Fremu hizi hazizuii sauti kutoka nje, lakini kwa kuwa maneno yanasikika, spika haifiki hata nusu ya pale tulipokuwa tukiiweka. Jirani yangu ana mtoto mchanga, naye ana haki ya kulala.

Mwenye kutaka vipande vya kujazia fremu zake, aje na mfuko. Kwangu havishi, alhamdulillah.