Chai ni Chai, Dawa ni Dawa

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mhenga aliyesema hayo alinena kweli tupu. Siku hizi ukimtembelea mtu mjini, huenda ukakaribishwa chai ya majani makavu yaliyotiwa ndani ya vijifuko vya karatasi. Pakiti yenyewe imechorwa maua, na bei yake si mchezo. Ukisoma maandishi ya ubavuni utakuta ni mchaichai. Ndio mchaichai huo huo ambao kwetu Kilifi umeota nyuma ya jiko, na wageni huukanyaga wakidhani ni nyasi.

Kwa hakika hawakosei sana wanaouita nyasi. Mchaichai ni wa jamii moja na mahindi, mtama, muwa na mwanzi. Lakini ni nyasi yenye jambo. Lifikiche jani moja tu kati ya vidole, na harufu ya limau itakupiga puani hata kama hakuna mlimau karibu. Harufu hiyo hutokana na kitu kiitwacho sitrali kilichomo katika mafuta ya jani lake, na ambacho hupatikana pia katika ganda la limau lenyewe.

Mwenye mchaichai wa kwetu ni nyanyangu. Shamba lake ni mashina saba tu, yamejipanga pale panapomwagwa maji ya kuoshea mboga. Yeye ndiye aliyenifundisha kuupanda. Mchaichai haupandwi kwa mbegu, na mimi sijauona ukitoa maua hata siku moja. Unalipasua shina kubwa, unachomoa chipukizi lenye mizizi yake, unakata majani ya juu na kubakisha kama sentimita 15, kisha unalifukia mvua za masika zinapoanza. Baina ya shimo na shimo unaacha kama sentimita 60, kwa sababu mmea huu hupanuka kama mtu aliyekalia mkeka peke yake. Unapenda jua na maji, ila maji yasituame. Ikipita miezi minne au mitano utaanza kuvuna. Vaa shati la mikono mirefu, maana kingo za majani yake hukata ngozi kama wembe. Kata kwa kisu juu kidogo ya ardhi, using'oe. Baada ya miaka miwili au mitatu, katikati ya shina huanza kufa, basi unalipasua tena na kupanda upya.

Matumizi yake ni rahisi. Majani manne au matano yanaoshwa, yanafungwa fundo, yanatumbukizwa katika sufuria ya maji yanayochemka. Ukitaka, tia tangawizi. Ukitaka, tia maziwa. Sukari ikiwa ghali, kikombe hiki hakiilalamikii sana. Kwa muhogo wa kuchemsha au mahamri ya asubuhi, sijui chai inayokishinda.

Nyanya huuza majani, shilingi 20 kwa fungu. Mche hauuzi ng'o. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Mche ni wa kupewa, mjukuu wangu. Hata mimi nilipewa."

Sasa, ndugu msomaji, nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Watu wengi wanaoupenda mchaichai huupenda kupita kiasi. Utasikia ati unatibu malaria, ati ukiupanda dirishani mbu hawaingii. Hilo la mbu nimelichunguza mwenyewe. Viko viua mbu na vifukuza mbu, na mafuta ya sitronela, ambayo hukamuliwa kutoka kwa ndugu wa mchaichai, hutumika kufukuzia mbu. Lakini mafuta yaliyokamuliwa si sawa na mmea uliosimama. Jioni nikiyatikisa mashina ya nyanya, mbu hutoka humo humo majanini. Sisi hulala ndani ya chandarua.

Hilo la malaria si la kucheka. Masika iliyopita, jirani yetu alikuja kwetu magharibi akiwa amembeba mwanawe wa miaka minne. Mtoto alikuwa na homa tangu jana yake, ametapika, na shingo haijishiki vizuri. Jirani akasema, "Mama, naomba majani mengi nimfukize mwanangu." Nikadhani nyanya atanituma kisu. Yeye aliweka mkono kwenye shingo ya mtoto, akaniambia, "Kimbia uite bodaboda."

Jirani alikasirika. "Nawe mama leo umeigeuka dawa yako mwenyewe?"

"Sijaigeuka," nyanya akajibu. "Chai ni chai, mwanangu, na dawa ni dawa. Huyu apimwe damu usiku huu."

Jirani akainamisha kichwa. Ndipo tulipojua kwamba hakuwa na nauli. Nyanya akafungua pindo la leso yake, akatoa pesa za mafungu aliyouza wiki ile, akampa zote. Walipofika zahanati mtoto alipimwa, akakutwa na malaria. Alipewa vidonge, mara mbili kwa siku kwa muda wa siku tatu. Siku ya nne alikuwa barazani kwetu ananyonya muhogo huku kikombe cha mchaichai kikipoa pembeni.

Kwa hivyo akiniuliza mtu kama mchaichai ulimsaidia mtoto yule, nitamjibu ndiyo, ulimlipia nauli.

Mtu asidhani kwamba ninaidharau mitishamba. Vidonge alivyomeza mtoto yule asili yake ni mmea. Miaka ya sabini kule Uchina, mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya malaria katika mimea iliyotumiwa na waganga wa zamani. Mmea uitwao Artemisia annua ulikuwa na dalili njema, lakini majaribio mengine yalifaulu na mengine yakafeli. Tu Youyou akakirudia kitabu cha kale cha tabibu Ge Hong. Humo mmea ule uliloweshwa katika maji na kukamuliwa, haukuchemshwa. Akatambua kwamba huenda moto ndio ulioiharibu dawa. Akatumia njia isiyohitaji joto kali, na mwaka wa 1971 akafaulu. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Na hata mmea huo, Shirika la Afya Duniani halipendekezi unywewe kama chai ya kutibu malaria, kwa sababu kikombe hakina kipimo. Leo dawa itakuwa nyingi, kesho kidogo, na vijidudu vitabaki mwilini.

Waama, hapo ndipo nilipoielewa hekima ya nyanya, ambaye hakuwahi kusikia habari za Tu Youyou. Kuujua mmea si kuusifu kwa kila jambo. Kuujua ni kufahamu kazi yake na mpaka wake. Mchaichai hukupa kinywaji kitamu bila kwenda dukani, mizizi yake hushikilia udongo usichukuliwe na mvua, na majani yake huleta senti mbili tatu ndani ya nyumba. Hayo yanatosha. Tukiubebesha na kazi ya daktari, watakaolipa ni watoto wasioweza kujisemea.

Wanachama wenzangu, nyuma ya madarasa yetu kuna ule mteremko ambao kila masika hupoteza udongo mpaka mizizi ya miti inabaki wazi. Napendekeza tuupange mchaichai pale, safu mbili. Walimu watapata chai, nasi tutapata mafungu ya kuuza kwa ajili ya chama. Na yeyote anayetaka kupanda nyumbani kwao aniambie mapema. Nitamletea mche, mizizi ikiwa imefungwa kwa kipande cha gunia kilicholowa maji. Bei yake mmeshaisikia kwa nyanya.